Moshi wa Mama, Chuma cha Njeru

Mkitaka kujua kama chuma ni kizima, msikiulize kwa macho. Kigongeni. Nyundo ndogo inatosha. Chuma kizima kinajibu kwa sauti ya juu, na mkono wako unasikia mtetemo mpaka kwenye kiwiko. Chuma kilichooza kinasema "pu", kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, na nyundo hairudi. Ukisikia hiyo "pu" ukiwa juu ya ngazi, teremka kwanza, fikiria baadaye.

Naitwa Kirimi. Wengi wenu hapa Githongo mnaniita Mzee wa Brashi, na mnadhani sijui. Nimefanya kazi ya vyuma maisha yangu yote: mihimili ya paa, minara ya matangi, mageti, vivuko vya miguu juu ya mito. Sasa magoti yamekataa ngazi, ndiyo maana nimeshika kalamu. Msinihurumie. Kalamu ni nyepesi kuliko brashi ya waya, na haikurushii vumbi la kutu machoni.

Juzi binti mmoja anayesomea kuchomelea vyuma aliniuliza swali ambalo lilinifurahisha siku nzima. Huniita Guka, yaani babu. Alisema, "Guka, shangazi yangu ako Kiirua. Alinunua mabati mwaka moja na sisi, duka moja. Yake bado inang'aa, yetu imekuwa nyekundu. Kwani tuliuziwa fake?"

Hapana, hamkuuziwa bandia. Kiirua kuna upepo mkavu. Umande ukianguka juu ya bati, jua likipanda kidogo tu umekwisha. Huku kwetu ukungu unalala juu ya paa mpaka katikati ya asubuhi, na siku nyingine haujisumbui kuondoka. Lakini ukungu peke yake si adui mkubwa. Adui ni kile ambacho ukungu unakutana nacho juu ya bati: moshi. Moshi wa kuni una ukali ndani yake, unafanana na siki. Moshi wa tairi una salfa, na ukilowa unakuwa ndugu wa maji ya betri. Moshi wa plastiki na mipira ya nyaya ni mbaya kuliko yote. Mkavu, moshi ni mgeni anayepita. Mpe maji kidogo na atakaa, atakula, na atakachokula ni chuma chako. Kwanza anakula ile ngozi ya zinki, unaona unga mweupe. Ukishaona wekundu, ujue ngozi imekwisha na sasa anakula nyama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote juu ya kutu kwa sababu hawakuwa na mabati, lakini nina hakika wangesema.

Aliyenifundisha haya yote ni Mzee Njeru wa Embu. Karakana yake ilikuwa pale mjini, nyuma ya soko, na nilikaa kwake miaka ambayo kijana mwingine angekaa shule ya upili. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwa kali, na alikuwa na mazoea ya kukisalimia chuma kabla ya kukigonga. "Unasemaje, mzee?" anauliza, kisha anagonga, kisha anainamisha sikio. Nilipoingia kwake nilidhani ana kasoro kichwani. Nilipotoka nilikuwa nasalimia vyuma mimi pia, na mke wangu ni shahidi.

Kulikuwa na mnara wa tangi la maji pale Embu, wa mtu binafsi, na chini yake walikaa vijana wa kuchoma vichwa na kwato za mbuzi ili ziuzwe za supu. Walitumia matairi makuukuu. Mwenye mnara alituita tupake rangi tu. Alituonyesha mguu mmoja wa mnara, ule wa upande wa moshi, akasema kwa fahari kwamba mguu huo ulikuwa mnene kuliko mingine, bila shaka fundi wa kwanza aliupendelea. Njeru akauzunguka, akaugusa pale kwenye maungio, akaguna.

"Ng'ombe akinenepa ni mali," akasema. "Chuma ikinenepa imekufa, imebaki kuzikwa."

Akachukua bisibisi, akaisukuma, ikaingia kama kijiko kwenye ugali. Hilo mlishike vizuri, vijana wangu. Kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo maungio yakivimba, bolti zikisukumwa nje, vipande viwili vilivyobanwa vikianza kuachana midomo, msiseme ni unene. Tuliutegemeza mnara kwa magogo, tukabadilisha mguu, na Njeru akawaomba wale vijana wahamie ng'ambo. Walihama bila ugomvi. Mpaka leo sijui kama walihama kwa ajili ya mnara au kwa sababu Njeru alikuwa mteja wao mkubwa wa supu.

Na msipake rangi juu ya masizi wala juu ya kutu! Nimesema hivi mara nyingi mpaka nikapewa lile jina la brashi. Kanisa moja, ambalo sitalitaja, lilikuwa na harusi, na kamati ikaona paa la ndani limeparara. Wakanunua rangi nyeupe, wakapaka kila kitu juu kwa juu, hata pale palipokuwa na magamba. Kwa wiki moja lilipendeza ajabu. Siku ya harusi ikanyesha. Rangi ikaachia kama ngozi ya kiazi kilichochemka, na maji mekundu yakashuka juu ya kwaya iliyovaa majoho meupe. Walimaliza wimbo, nawasifu kwa hilo, lakini sauti ya tatu ilikuwa inaimba ikiwa imeinamisha vichwa. Osha kwanza kwa maji ya sabuni, usafishe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ukaushe, upake ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo uweke rangi ya urembo. Rangi ya urembo ni ya wageni. Ile nyekundu ya chini ndiyo yako.

Lakini nimezunguka vya kutosha. Paa ninalotaka kuwaambia ni moja, na chini yake alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mpishi wa shule moja ya msingi huku Githongo. Watoto walimwita Kuki, na wengine walikua wakidhani hilo ndilo jina lake la ubatizo. Jiko na ukumbi wa kulia vilikuwa chini ya paa moja refu. Ukuta wa katikati haukufika juu, kwa hiyo moshi wa mama uliwatembelea watoto wakila, bila kubisha hodi. Mihimili ya paa hilo ilikuwa ya chuma. Wazazi walikuwa wamepewa vyuma vya banda la zamani la kahawa, wakamwita fundi kutoka Embu aje aviunge. Fundi huyo alikuwa Njeru. Ndivyo nilivyomjua. Nilimwona amekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, anaimba huku anakaza nati, nikamwambia mama kwamba nataka kazi ya yule.

Siku niliyoondoka kwenda Embu mama hakunisindikiza. Nilimkuta jikoni nyumbani, amenipa mgongo, anapangusa macho kwa ncha ya leso. "Enda, mwana wakwa," akasema. "Ni moshi." Baba alipofariki, wageni walijaa uwanjani siku kadhaa, na mama hakulia mbele yao hata mara moja. Alikuwa anaingia jikoni, anakoka kuni mbichi, anakaa humo, kisha anatoka macho yakiwa mekundu. "Ni moshi," anatuambia, na sisi watoto tukaitikia kwamba ndiyo, ni moshi. Hivyo ndivyo tulivyoishi naye. Nilimpenda mama yangu kuliko ninavyoweza kuandika, na sehemu kubwa ya mapenzi hayo ilikuwa kumwamini pale alipotaka kuaminiwa.

Sasa, mama aliamini jambo moja kwa moyo wote: kwamba masizi ni dawa ya nyumba. Msimcheke. Alilelewa katika nyumba ya nyasi, na katika nyumba ya nyasi hilo ni kweli kabisa. Moshi unafukuza mchwa, unakausha fito, unazuia nyasi kuoza, unalinda mbegu zilizotundikwa juu ya meko zisiliwe na wadudu. Nyumba ambayo haikufukizwa ilianguka mapema, na kila bibi alilijua hilo. Mabati yalipokuja, wazee wetu waliyapokea pamoja na elimu yao yote ya moshi. Nimeona jikoni za kwetu ambako masizi yananing'inia kama ndevu, na mwenye nyumba anayaonyesha kwa fahari. Kosa letu watu wa huku lilikuwa kudhani kwamba chuma ni mti mwingine.

Ulikuwa muhula wa pili, ule wa baridi, wakati Githongo haioni jua na watoto wanakula wakiwa wamebanana ili wapate joto. Nilikuwa nimesharudi nyumbani, nina karakana yangu. Mwalimu mkuu, Madam Gatwiri, akanitumia salamu. Vipande vyekundu vilikuwa vinaanguka kwenye sahani za watoto. Watoto walikuwa wanasema Kuki ameanza kutia pilipili kwenye githeri, yale mahindi na maharagwe yao ya kila siku.

Nilipanda. Kwa chini mihimili ilionekana mizuri, myeusi, inang'aa kama kitako cha sufuria. Lakini chuma cha jikoni hakiharibikii upande unaouona. Kinaharibikia kwa juu, pale masizi yanapolala mazito na kushika maji kama sifongo. Mchana mvuke wa sufuria unapanda. Usiku chuma kinapoa, mvuke unageuka matone, masizi yanayanywa, na ule ukali wa moshi unaamka. Kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila kelele. Nilisalimia mhimili uliokuwa juu kabisa ya meko ya mama, nikagonga.

Pu.

Nikagonga wa pili. Pu. Maungio yalikuwa yamevimba. Nilishika kichwa cha bolti kwa vidole viwili, kikatoka, nikabaki nacho mkononi. Nilishuka ile ngazi taratibu kuliko ngazi yoyote maishani mwangu, kwa sababu chini yangu mama alikuwa anakoroga maharagwe na kunong'ona wimbo wa kanisani.

Nilimwambia Madam Gatwiri wazi: upepo mkubwa mmoja, au mvua ya mawe ikikaa juu ya bati, na paa hili linashuka. Akasema tufunge siku hiyo hiyo. Lakini mama alikuwa amesikia, na akasimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Nipikie watoto wapi? Kwa mvua?" akauliza. "Hii moshi imeshikilia hii nyumba tangu ijengwe. Mkitoa hiyo masizi, hapo sasa ndio itaanguka."

Madam Gatwiri akanivuta kando. Mjue kwamba alikuwa amesoma shule hiyo hiyo, na alikula githeri ya mama akiwa bado na meno ya utotoni.

"Fundi, wewe ni mtoto wake. Ongea na yeye."

"Madam, wewe ndiwe bosi wake. Ongea na yeye wewe."

"Huyo amewahi kunichapa na huo mwiko!"

Kwa hiyo tulifanya tulichoweza. Watoto walianza kula madarasani, sahani magotini, mbali na paa lile. Lakini mama alikataa kutoka. Alisema kama watoto wameogopa ni sawa, ni watoto, yeye atabaki na meko yake. Siku zile nilifunga karakana yangu mapema, nikawa nasimama mlangoni mwa jiko la shule nikiangalia juu wakati yeye anapika. Kila upepo ulipotikisa bati, nilipiga hatua moja ndani. Nilimwomba, nilimfokea, nikamwomba tena. Aliniambia nimfukuze kuku aliyeingia kwenye unga. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kwenye mnara wowote, na nilikuwa na hasira pia, kwa sababu mtu unayempenda akikaa chini ya kitu kinachoanguka, mapenzi yote yanageuka hasira.

Mwishowe nikampigia Njeru simu. Alikuwa amestaafu, anatembea na bakora. Alikuja Jumamosi, siku ambayo shule haipiki, na nikampeleka pamoja na mama mpaka jikoni. Akasimama chini ya mihimili yake. Hakuigonga kwa nyundo, aliigonga kwa ncha ya bakora, na sote watatu tukasikia. Akavua kofia yake ya sufu. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia. Alikuwa na upara, na upara wenyewe ulinifanya nimwonee huruma.

Mama akawa wa kwanza kusema. "Fundi, chuma yako haina makosa. Ni hii mvua."

"Na moshi yako haina makosa, Mama Kirimi," akajibu Njeru. "Ni hii ukungu."

"Ulijenga vizuri."

"Na wewe umepika vizuri."

Nikaona nisipoingilia wataendelea kusifiana mpaka paa litue. "Basi," nikasema, "tuombe ukungu uhame?" Wote wawili wakanitazama kwa jicho moja. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini mimi siku hiyo nilikuwa nafunzwa na mama na ulimwengu kwa pamoja.

Mama akasema mgeni hasimami na njaa, twende nyumbani tunywe chai. Tukaenda. Jikoni kwa mama, juu ya meko ya mawe matatu, kulikuwa na dari ya fito ya kukaushia kuni, kama ilivyo katika jikoni za kwetu, na kwenye fito hizo alitundika mahindi ya mbegu. Mashada mengine yalifungwa kwa kamba ya mkonge, nyeusi kwa moshi. Mengine yalifungwa kwa waya mpya unaong'aa. Njeru alipewa kigoda, akapewa chai, akanywa, akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za shamba tu:

"Mama Kirimi, hii umefunga na kamba, na hii na waya. Mbona?"

"Ah, hiyo waya ni Kirimi aliniletea," mama akasema. "Inanisumbua. Kila msimu inakatika, mahindi inaangukia ndani ya sufuria, lazima niweke ingine. Lakini hii kamba..." Akainuka, akaishika. "Hii ilifungwa na mama mkwe wangu, na aliniachia hii jikoni. Haijawahi kukatika. Moshi imeifanya ngumu kama..."

Mkono wake ulikuwa bado juu, vidole kwenye kamba. Kisha, polepole, mkono ukahama ukaenda kwenye waya.

Nilifungua mdomo. Njeru akanikanyaga mguu, na alikuwa amevaa viatu vya kazi.

"Moshi ni moja," mama akasema.

"Ni moja," Njeru akasema.

"Na waya ni chuma."

"Ni chuma, Mama Kirimi."

"Na hiyo kitu iko juu ya kichwa yangu kule shule?"

"Ni ndugu ya hiyo waya," Njeru akasema, na sauti yake ikapungua. "Kubwa, lakini ni ndugu. Mimi ndio nilimleta hapo, na nilimpenda. Imekwisha."

Mama akakaa. Akatazama moto. Moshi ulikuwa mwingi siku hiyo, na sikutaka kumtazama usoni. Akasema, bila kugeuka, "Kirimi, tafuta turubai. Jumatatu tunapika nje."

Alipika nje, chini ya turubai, ndani ya manyunyu, na leso mbili kichwani, bila kulalamika hata neno moja. Sisi tukaanza kushusha paa. Mkifanya kazi kama hiyo, kumbukeni: fungeni kila mhimili kwa kamba mbili kabla hamjagusa bolti, na asikae mtu chini, hata wa kushika ngazi. Tulianzia upande wa ukumbi, tukaja polepole, tukafika kwenye ule mhimili wa juu ya meko. Tulipoachia kamba ushuke, ukakatika katikati hewani. Nusu moja ilibaki inaning'inia. Nusu nyingine ilianguka juu ya mawe ya meko, pale hasa anaposimama mtu anayekoroga.

Kila mtu aliacha alichokuwa anafanya. Mama alikuwa ameona kutoka nje kwenye turubai. Alifunika githeri na kifuniko, akaweka jiwe juu yake, akaendelea kusimama hapo na mwiko. Njeru, ambaye alikuwa amekataa kurudi Embu mpaka kazi iishe, aliomba aletewe kipande kile. Akakaa nacho mapajani, akawa anakipapasa pale kilipokatika. "Ulijitahidi, mzee," alikiambia. Vijana wa kazi walidhani amechoka. Mimi nilijua anaongea na nani.

Tulijenga upya, na niwaambie tulivyojenga, maana hapo ndipo kuna faida yenu. Ukuta wa katikati tuliupandisha mpaka juu, watoto wakae upande wao na moshi upande wake. Juu ya ukuta wa nje tuliacha nafasi ili hewa ipite, kwa sababu chuma kinachokauka kila siku kinazeeka polepole. Meko tuliyajengea bomba la moshi linalopita kilele cha paa kwa zaidi ya urefu wa mtu. Msilikomeshe chini ya hapo; mkifanya hivyo, moshi utatoka kwa heshima na kurudi juu ya bati lenu wenyewe. Mihimili mipya tuliisafisha, tukaipaka, na maungio tukayaelekeza chini ili maji yasipate pa kukaa. Na tulipatana na jikoni sheria moja: hakuna kuwasha moto kwa plastiki, wala kwa kipande cha tairi, hata kuni zikiwa mbichi namna gani. Mama ndiye aliyeisimamia sheria hiyo, na mwiko wake mnaujua.

Siku hizi nyinyi mna mambo yenu. Mna kile kidude kinachowekwa kwenye chuma na kusoma unene wake bila kukikwaruza, na nawaambia ukweli, nilipokiona mara ya kwanza karibu nikibusu. Kitumieni. Lakini kidude kinasoma pale ulipokiweka tu, na mvivu hukiweka pale anapofikia bila kunyoosha mkono. Shule nyingine sasa zinapikia gesi. Wakati huo huo naona takataka zinachomwa kila kona ya soko, plastiki juu ya plastiki, na nguzo za taa zimesimama ndani ya moshi huo zinakohoa. Pitieni hapo na nyundo zenu. Msisubiri kuitwa.

Kilichobaki ni siku ile ya kwanza ya jiko jipya, nami nitamalizia hapo.

Mama aliwasha moto mwenyewe. Njeru alikaa mlangoni na kofia yake. Madam Gatwiri alileta darasa la kwanza waje waone. Kuni zikashika, na moshi ukainama kidogo, kama unafikiri, kisha ukaingia bombani na kupanda wote. Nilikuwa nimelitengeneza bomba lile kwa mikono yangu. Nilitoka nje nikaona moshi unapita juu kabisa ya paa na kwenda zake na upepo. Nikarudi ndani. Hewa ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuona ukuta wa mbali, na mihimili juu ilikuwa myekundu kwa ile rangi mpya, imenyooka.

Mama alikuwa anatazama juu. Alitazama pale palipokuwa na ule mhimili uliokatika, kisha akawatazama wale watoto wa darasa la kwanza waliosimama chini yake wakiwa wameshikana mikono, kisha akatazama juu tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Alianza kuitafuta leso yake haraka haraka, hakuipata, akaniona namwangalia.

"Ni moshi," akasema.

Nikatazama ule moto, nikatazama lile bomba langu ambalo halikuvujisha hata uzi mmoja.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ni moshi. Kesho nitakuja nilitengeneze hilo bomba."